Uzi maalumu: Mgombea akitajwa kwenye kashfa, kura zake huenda wapi hasa? Tupeane uzoefu

Mhesabu Kura

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uchaguzi ukikaribia tunasikia yaleyale: "Fulani ametajwa, huyo amekwisha." Matokeo yakitoka, fulani ndiye anayeapishwa. Mara nyingine mtu anatajwa kwa jambo ambalo wengi waliliona dogo, na anaanguka vibaya. Naomba wanaozijua kampeni, sheria za uchaguzi, vikao vya vyama na kazi ya vituoni waweke hapa wanachokijua kwa vipimo. Ushabiki tuuache kwenye nyuzi nyingine. Nani huondoka? Huondoka lini, na unamgunduaje?

Naanza na hesabu, maana bila hesabu tutabishana hadi alfajiri. Kura ya mgombea aliyetuhumiwa ina njia nne. Inabaki kwake, inahamia kwa mpinzani, inabaki nyumbani siku ya kupiga kura, au inagawanyika: mtu anawapa rais na diwani wa chama chake, halafu kwenye ubunge anaharibu karatasi au anampa wa tatu. Wachambuzi wengi huitazama ile ya pili peke yake, na ndiyo inayotokea mara chache zaidi.

Kwa Tanzania chukueni fomu za matokeo ya kituo, yaani 21A ya rais, 21B ya mbunge na 21C ya diwani, za vituo vilevile, za chaguzi mbili mfululizo. Tuseme kituo kina waliojiandikisha 400. Mara ya kwanza walijitokeza 280: mbunge wenu 170, mpinzani 110. Baada ya kashfa wamejitokeza 235: wenu 125, mpinzani 110 ileile. Hapo hakuna aliyehama. Watu 45 wamelala nyumbani. Kama wamejitokeza 280 na wenu ana 125 huku mpinzani akiwa na 155, hao wamehama kweli. Na kama wenu ana 125, mpinzani 112, wa tatu na zilizoharibika jumla 43, huku diwani wa chama chenu kituoni hapohapo akiwa na 168, basi chama ni kizima, mgonjwa ni mgombea.

Angalizo: msifanye hesabu hii kwa kituo kimoja. Vituo hugawanywa, majina huhamishwa, daftari huboreshwa. Jumlisheni kwa kata nzima ndipo mlinganishe. Kama kuna mgombea mpya mwenye nguvu aliyeingia, au diwani aliyehama na watu wake, kata hiyo iwekeni pembeni.

Karibuni.

---

Mzee wa Vikao

Mkuu Mhesabu, umeanza na sanduku la kura. Mimi narudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wa waliotuhumiwa hawafiki kwenye sanduku. Kashfa huuma kwanza ndani ya chama.

Mtazameni marehemu Edward Lowassa. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, naye akajiuzulu uwaziri mkuu Februari 7, 2008. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo, na kwa miaka yote alisisitiza kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. Kisheria hakuwa na kizuizi. Wafuasi wake hawakumwacha pia: Julai 2015 Dodoma, jina lake la kuwania urais lilipokatwa kwenye ngazi ya juu, wajumbe ndani ya ukumbi wa Halmashauri Kuu ya CCM waliimba kwamba wana imani na Lowassa. Waliomkata walikuwa wachache, na kashfa ndiyo iliyowapa sababu ya kusema mbele ya watu. Hapo ndipo ulipo uzito wa tuhuma ndani ya chama. Anayekupinga kwa sababu zake nyingine hupata hoja safi ya kukuondoa bila kuzitaja hizo nyingine.

Julai 28, 2015 alitangaza kujiunga na Chadema, akabeba bendera ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Sasa tazameni upande uliompokea. Prof. Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA, mwezi Agosti. Dk. Slaa, aliyesoma orodha ya mafisadi Mwembeyanga Septemba 2007 na kuwa mgombea urais wa chama hicho 2010, alitangaza Septemba 1 kuachana na siasa za vyama. Wafuasi wa kawaida je? Chadema 2010 ilipata kura 2,271,941. UKAWA chini ya Lowassa 2015 ilipata 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Kwa hiyo viongozi wawili wakubwa waliondoka, na kura zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Msikimbilie kusema kashfa haikumgharimu. Gharama ilikuwa nyingine. Chama kilichojenga jina kwa kuwataja mafisadi kwa miaka minane kilipoteza silaha yake wiki chache kabla ya kampeni. CCM ikamsimamisha John Magufuli, mtu asiye na kashfa ya kumfunga mdomo, akaahidi mahakama ya mafisadi, na hoja ikahamia upande wa pili mzimamzima. Alipata kura 8,882,935, asilimia 58.46. Mgombea mwenye tuhuma huenda asipoteze wafuasi wake hata mmoja, lakini kuna maneno ambayo chama hakiwezi tena kuyasema jukwaani. Hasara hiyo fomu za kituo haziioneshi.

---

Kalamu ya Milimani

Wandugu, nitaongea kuhusu Kenya na upande wa sheria, kwa sababu mkanganyiko mwingi hutoka hapo. Watu huchanganya hatua nne: tuhuma, uchunguzi, mashtaka, hukumu. Mpiga kura husikia neno moja tu, kashfa. Sheria haisikii hivyo.

Ibara ya 99(2)(g) ya Katiba ya 2010 humzuia kugombea ubunge mtu aliye chini ya kifungo cha angalau miezi 6. Kipengele (h) kinamgusa aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma au amekiuka Sura ya Sita, ile ya uongozi na uadilifu. Halafu inakuja 99(3): hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa au mapitio ziishe. Hicho kifungu kidogo ndicho kinachowapitisha karibu wote. Kesi ya ufisadi ikiendeshwa miaka mitano, na rufaa ikachukua miaka mingine, mgombea anapita chaguzi mbili akiwa "hana hatia". EACC, tume ya kupambana na ufisadi, inaweza kupeleka orodha ya majina kwa IEBC, tume ya uchaguzi, lakini orodha haina nguvu ya hukumu.

Njia iliyofunga mlango kweli ni ya kuondolewa ofisini. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi na Seneti Desemba 17, 2020. Alipotaka kugombea ugavana wa Mombasa 2022, Mahakama ya Juu ilithibitisha kuondolewa kwake Julai 15, na Ibara ya 75(3) inamzuia aliyeondolewa kwa makosa yanayotajwa humo kushika ofisi nyingine ya dola. Linganisheni na Rigathi Gachagua, mgombea mwenza wa William Ruto. Julai 28, 2022, siku 12 kabla ya uchaguzi, Mahakama Kuu iliamuru shilingi milioni 202 za akaunti zake zitaifishwe. Ilikuwa kesi ya mali, haikuwa ya jinai. Jina lake lilibaki kwenye karatasi pamoja na la Ruto, na wakashinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Baadaye kesi ilimalizwa kwa makubaliano kwenye ngazi ya rufaa.

Mbona pigo la siku 12 kabla halikuzaa kitu? Kwanza, upande wake ulikuwa umekwisha kuwaambia watu kwa miezi mingi kwamba vyombo vya serikali vinatumika dhidi yao, kwa hiyo hukumu ilipotoka ilisikika kama uthibitisho wa hadithi waliyokuwa nayo. Pili, kampeni yao ilikuwa ya bei ya unga na mtaji wa mama mboga, na swali la mpiga kura halikuwa "nani msafi". Tatu, siku 12 ni chache mno kwa habari ya mahakamani kushuka hadi kijijini kwa lugha ya kijijini.

Kesi ya shahada ya Johnson Sakaja mwaka huohuo ni ya aina hiyo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilifuta utambuzi wa shahada yake mwezi Juni, kesi zikaanza, Agosti akachaguliwa gavana wa Nairobi. Mjini watu walijadili chuo wiki mbili kisha wakarudi kwenye chama.

---

Ubao wa Matokeo

Naongeza mfano mkubwa kuliko yote upande wetu: uchaguzi wa Kenya wa 2013 na ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Hapa tuhuma ziliongeza kura, na inafaa tuelewe zilivyofanya hivyo.

Mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo alitaja majina sita Desemba 15, 2010. Januari 23, 2012 mashtaka yakathibitishwa dhidi ya wanne, wakiwemo Uhuru Kenyatta na William Ruto. Wawili hao walitoka jamii zilizoumizana kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, ndizo zilizozaa mashtaka hayo. Mashtaka yaliwapa jambo moja la pamoja ambalo hakuna mkataba wa kisiasa ungewapa. Mikutano ya maombi ikaanza, kuanzia waliporudi kutoka The Hague Aprili 2011, na kila mkutano ulikuwa kazi ya kuandikisha watu. Mashtaka ya mtu yakageuzwa kuwa mashtaka ya jamii. Februari 2013, afisa wa Marekani Johnnie Carson aliposema kwamba kila uamuzi una matokeo yake, maneno yake yalibebwa jukwaani kama kitisho kutoka nje. Mahakama Kuu nayo Februari 15 ilisema suala la mgombea urais si la mamlaka yake, ni la Mahakama ya Juu. Mlango wa kisheria ukafungwa siku 17 kabla ya kura.

Sasa hesabu. Kenyatta alipata 6,173,433, asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura zisizofika 10,000. Waliojitokeza nchini walikuwa karibu asilimia 86, lakini hawakugawanyika sawa: kaunti za Mlima Kenya kama Murang'a na Nyeri zilivuka 90, Kilifi na Mombasa zilibaki chini ya 70. Kwa nafasi ndogo namna ile, ngome iliyotoka mlangoni kwa hasira na hofu ndiyo iliyoamua. Haikuwa kwamba watu wa Nyeri walimhama Raila, hawakuwahi kuwa wake. Alikosa raundi ya pili kwa kuwa watu wa Pwani waliokuwa wake walibaki nyumbani huku wa Nyeri wakipanga foleni usiku.

Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 5, 2014, ya Ruto yakasitishwa Aprili 5, 2016. Nalitaja hilo kwa haki, na pia kwa sababu waathirika wa ile vurugu walibaki bila jibu. Tukizungumza kura tusiwasahau.

---

Dada wa Kata ya Mwisho

Jamani, mmezungumza fedha tupu. Tuhuma za ngono na unyanyasaji zina mwendo wake, na zinaumiza watu wa kweli, kwa hiyo zisipitwe.

Tofauti ya kwanza: kwenye fedha za umma mpiga kura anatafuta kiasi na nani mwingine alikula. Kwenye unyanyasaji anatafuta aliyesema. Ndiyo maana wapambe hukimbilia kumchafua mlalamikaji siku ileile: alivaa nini, ametumwa na nani, mbona alikaa kimya miaka yote. Kibinadamu ni ukatili. Kikampeni pia ni kosa, maana wanawake wanaosikiliza hawatabishana na wewe mkutanoni. Watapiga vigelegele, watachukua kanga, watanyamaza, na siku ya kura hawaonekani. Anayetaka kujua hali halisi asihesabu watu mkutanoni. Ahesabu akina mama wangapi waliokuwa wakigonga nyumba kwa nyumba bado wanakuja kuchukua vipeperushi. Wakishuka kutoka 30 hadi 12 ndani ya wiki mbili bila aliyegombana na mtu, jibu mnalo.

Tofauti ya pili: kwetu Tanzania rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007. Mlalamikaji anaweza kwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, halazimiki kupita chamani. Vyama vingi huunda kamati ya ndani ya wanaume watano, inakaa jioni moja, inatoa taarifa ya "kumsafisha". Taarifa hiyo haina uzito wowote kisheria, na mtaani inasomeka kama ilivyo.

Mfano wenye hesabu safi kabisa ni jimbo la Alabama, Marekani. Novemba 9, 2017 gazeti la Washington Post lilichapisha maelezo ya wanawake waliosema Roy Moore, mgombea useneti wa Republican, aliwafuata walipokuwa wasichana na yeye ni mtu mzima wa miaka ya thelathini. Mmoja alisema alikuwa na miaka 14. Moore alikanusha. Sheria ya jimbo hairuhusu kubadili jina la mgombea zikibaki chini ya siku 76, kwa hiyo chama kilikwama naye. Desemba 12 akashindwa na Doug Jones kwa kura 21,924.

Sasa tumia njia za mkuu Mhesabu. Mwaka mmoja kabla, Donald Trump alipata Alabama kura zaidi ya milioni 1.3 na Hillary Clinton takriban 729,500. Jones alipata 673,896, yaani hakuzifikia hata za Clinton. Moore alipata 651,972, nusu tu ya za Trump. Uchaguzi mdogo hupunguza watu, lakini haukuwapunguza pande zote sawa. Halafu kura 22,852 ziliandikwa jina la mtu asiye kwenye orodha, jambo linaloruhusiwa kule. Ni nyingi kuliko tofauti ya ushindi. Seneta Richard Shelby wa Republican alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe aliandika jina jingine. Hapo ndipo mfuasi mwaminifu alipopewa mlango wa kutokea bila kumpigia mpinzani, na kiti kikaenda.

Kwetu hakuna kuandika jina. Mlango wa kutokea ni kuharibu karatasi au kubaki nyumbani.

Na la mwisho, kwa uchungu: mgombea mwanamke huzushiwa ngono hata pasipo mlalamikaji, pasipo tarehe, pasipo chochote. Uzushi huo nao hupunguza kura, hasa za wajumbe kwenye kura za maoni, ambako wapigaji ni wachache na minong'ono inawafikia wote kwa usiku mmoja. Msiuweke kapu moja na tuhuma zenye mtu aliyesimama na kusema.

---

Mtazamaji wa Lille

Dada umesema vyema. Huku Ufaransa kuna somo moja linalokosekana hapo juu: tuhuma huuma zaidi zinapogonga kile ulichojisifia.

François Fillon alishinda mchujo wa chama chake Novemba 2016 kwa karibu theluthi mbili ya kura. Alijinadi kama mtu mnyoofu, akawauliza watu kama kuna anayeweza kumfikiria Jenerali de Gaulle akiwa chini ya uchunguzi wa jaji. Januari 25, 2017 gazeti la Le Canard enchaîné likaandika kwamba mkewe alilipwa kama msaidizi wa bunge, na kazi yenyewe ikatiliwa shaka. Alisema angejitoa akiwekwa rasmi chini ya uchunguzi, kisha akabadili kauli. Machi 14 akawekwa. Mapema Machi makada na wabunge waliondoka kampeni yake kwa makundi. Akaitisha mkutano mkubwa Trocadéro, Paris, Machi 5, watu wakajaa, chama kikashindwa kumtoa.

Aprili 23 alipata asilimia 20.01. Marine Le Pen aliyeingia raundi ya pili alikuwa na 21.30. Wafuasi wazee na wa dini walibaki naye. Walioondoka ni wale wa katikati waliokuwa na mahali pengine pa kwenda, kwa Emmanuel Macron. Kama kuna mgombea jirani kimawazo asiye na doa, kuhama ni rahisi. Kama jirani hayupo, mfuasi anameza.

---

Mhesabu Kura

Asanteni sana. Mtazamaji umenipa kitu: nani anakaa jirani. Hiyo inaeleza pia kwa nini majimboni kwetu waliotajwa hurudi. Andrew Chenge alijiuzulu uwaziri Aprili 2008 kwa sakata la ununuzi wa rada, akarudi bungeni kutoka Bariadi 2010 na 2015. Prof. Anna Tibaijuka aliondolewa uwaziri Desemba 2014 kwa sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, akachaguliwa tena Muleba Kusini 2015. Fedha za rada na escrow zilipotea mbali, kwenye vitabu vya benki. Mwananchi wa kijiji hakuwahi kuziona zikiwa zake. Mfuateni mbunge kwa mabati ya zahanati yaliyonunuliwa na Mfuko wa Jimbo yakaonekana nyumbani kwa shemeji yake, muone kama atarudi. Tuhuma za karibu ndizo zinazoua: kisima, saruji ya darasa, pembejeo.

Kitaifa pia kuna dalili. CCM 2005 ilipata kura za urais zaidi ya milioni 9.1. Mwaka 2010, baada ya EPA (fedha zilizochotwa Benki Kuu), Richmond na rada, ikapata takriban milioni 5.3, na waliojitokeza wakashuka kutoka karibu asilimia 72 hadi kama 43. Chadema haikuzichukua hizo. Watu walikaa nyumbani.

---

Mzee wa Vikao

Mkuu, hapo nakupinga kidogo. Daftari la 2010 lilikuwa limevimba: waliofariki na waliohama walibaki humo, na asilimia ikashuka hata pale watu hawajapungua sana. Pia 2005 Kikwete alikuja na mvuto wa upya ambao haukuweza kurudiwa. Upungufu wa kura zenyewe ni wa kweli, na ufisadi ulikuwamo, lakini usiubebeshe wote.

---

Mhesabu Kura

Nakubali, mzee wangu. Linganisheni idadi ya kura, asilimia ya kujitokeza ije baadaye.

---

Meneja wa Saa 72

Kwa wanaosimamia kampeni, kazi ya siku tatu za kwanza. Nasema hivi nikiamini mgombea aliyetenda kosa kubwa anapaswa kujitoa. Mengine haya ni kwa aliyesingiziwa au mwenye kosa linaloelezeka.

Saa 6 za kwanza, pateni karatasi yenyewe yenye tuhuma. Msijibu picha ya simu. Mgombea akae na wakili na mtu mmoja wa kampeni, aulizwe yote, hata yasiyoandikwa bado. Kinachowaangusha wengi ni kukanusha kila kitu Jumatatu na karatasi ya pili kutoka Alhamisi. Tuhuma ya kwanza watu huisamehe, uongo wa kuikana hawausamehi.

Ndani ya saa 24, pigieni simu kabla hawajasoma wenyewe: wenyeviti wa vijiji na mitaa, mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa dini, wafadhili, waratibu wa mawakala. Mgombea apige mwenyewe kwa wale 40 wa muhimu. Mkutano wa hadhara usubiri. Mfuasi wa kawaida hujifunza namna ya kujibu kutoka kwa balozi wake, na balozi akikosa la kusema kwa siku mbili, ananyamaza moja kwa moja.

Saa 48, tamko fupi: kilichodaiwa ni nini, lipi ni kweli, nini kimefanyika kulirekebisha. Msidharau kiasi. "Vijisenti" ya Chenge 2008 na "hela ya mboga" ya Tibaijuka 2014 zinakumbukwa kuliko maelezo yote ya kisheria yaliyotolewa. Anayepokea shilingi 5,000 kwa siku akisikia mamilioni yanaitwa ya mboga, hasikii utetezi tena, anasikia dharau. Msikimbilie pia kufungua kesi ya kuchafuliwa jina. Kesi hufungua mafaili, na kila tarehe ya kutajwa ni habari mpya katikati ya kampeni.

Kipimo chenu ni mawakala. Jimbo lenye vituo 210 kwa wakala mmoja na wa akiba linahitaji watu 420. Kila jioni pigieni 50 bila mpangilio. Siku ya kawaida hukosekana watano au sita. Wakikosekana 20, hao wanawaaga kwa adabu. Wafadhili wa mafuta huondoka kimya hivyohivyo, kwa kuchelewesha.

---

Kalamu ya Milimani

Naongeza kuhakiki, kwa sababu barua bandia ni nyingi. Hukumu tafuteni kwa jina na nambari ya kesi kwenye tovuti za hukumu, Kenya Law au TanzLII. Isipoonekana, ulizeni masijala ya mahakama iliyotajwa. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, itajeni kwa mwaka na ukurasa, kisha fungueni ukurasa huo. Hati ya mashtaka ina kifungu cha sheria, tarehe ya kosa na mahali. Barua yenye nembo kubwa na maneno makali lakini haina kumbukumbu namba, msiisambaze. Tofautisheni pia "anachunguzwa" na "ameitwa kama shahidi".

---

Dada wa Kata ya Mwisho

Swali: akisafishwa na mahakama wiki mbili kabla, waliokaa pembeni hurudi?

---

Ubao wa Matokeo

Inategemea kama walikuwa wamekata tamaa au walikuwa wanangoja tu. Afrika Kusini, mashtaka ya Jacob Zuma yaliondolewa Aprili 6, 2009, siku 16 kabla ya kura, na ANC ikapata asilimia 65.9. Wafuasi wake walikuwa wanangoja, tangu alipomshinda Thabo Mbeki Polokwane Desemba 2007 waliona kesi kama vita ya kundi moja dhidi ya jingine. Hata 2024 Mahakama ya Katiba ilipomzuia kugombea kwa kifungo cha miezi 15 cha kudharau mahakama, chama chake kipya cha MK kilipata asilimia 14.58.

Aliyekata tamaa harudi kwa siku 14, dada. Kura yake pengine inaweza kurudi, kazi yake hairudi: majina ya mawakala yamekwisha kupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, wameapishwa wengine wasiowajua wapiga kura wa mtaa ule, na yule mama aliyejua nyumba ipi ina mgonjwa wa kubebwa hadi kituoni ameshapanga safari ya kwenda shamba siku ile.